Jicho Jipya kwenye Mtutu wa Zamani

Inapiga palepale unapolenga! Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila anayezijua bastola za mashine za gemu, na jibu ni ndiyo, inapiga, kwenye TV bapa ya inchi 55, sebuleni, bila kishale chochote kuelea juu ya picha kukuonyesha unalenga wapi. Unafumba jicho moja, unalinganisha kilengeo cha nyuma na cha mbele, unavuta kifyatulio, na adui aliyechungulia nyuma ya kreti anaanguka. Papo hapo kitelezi cha juu ya bastola kinaruka nyuma kwa kishindo na mkono unatikisika hadi kwenye kiwiko. Na hii si bastola ya kuigiza iliyotengenezwa jana. Ni gamba halisi la mashine ya Time Crisis, gemu ambayo Namco waliitoa mwaka 1995, la plastiki ngumu, zito, lenye makovu ya mikono ya watu nisiowajua waliolishika kabla yangu na kulipa sarafu kwa kila nafasi ya kuishi.

Kilichobadilika ni jicho lake tu. Kifyatulio ni kilekile, springi ni ileile, koili inayokirusha kitelezi ni ileile. Ndani ya mtutu, mahali palipokuwa na lenzi na kipokea mwanga cha zamani, sasa kuna kamera ndogo ya infraredi. Kwenye mpini kuna bodi yenye chipu ya RP2040, chipu ileile iliyomo kwenye Raspberry Pi Pico, bodi iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4. Na ndani ya chipu hiyo kuna OpenFIRE, programu huria inayopatikana bure. Unachomeka waya wa USB kwenye kompyuta, na kompyuta inaamini imepata kipanya kinachojua kila wakati kiko wapi hasa kwenye skrini. Hakuna draiva ya kutafuta. Hakuna programu nyingine inayolazimika kukaa nyuma ikipiga hesabu. Hesabu yote inafanyika mkononi mwako, ndani ya bastola!

Sisi wapenzi wa gemu za kulenga tumeambiwa kwa miaka mingi kwamba starehe hii ilizikwa pamoja na TV za chogo, kwamba anayeitaka akatafute chogo zima lililobaki, alibebe na mtu wa pili kwa uzito wake, aliombee lisife. Nami nazipenda TV hizo kwa dhati. Lakini kila mwaka zinapungua, na mafundi wanaothubutu kufungua nyuma yake, penye volti elfu nyingi, wanapungua pia. Kwa hiyo hiki nilichokishika leo nakichukulia kama habari kubwa.

Ili ukubwa wake uonekane, inabidi kujua bastola ya zamani ilifanyaje kazi, maana wengi bado wanaamini kwamba ilirusha mwanga kwenye TV. Haikurusha kitu. Ilitazama. Ndani ya chogo kulikuwa na mche wa elektroni uliochora picha mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka juu kwenda chini. Katika mfumo wa Japani na Marekani mche huo ulichora mistari zaidi ya 15,700 kila sekunde, yaani mstari mmoja kwa takriban mikrosekunde 63.5. Kioo kiliwaka pale mche ulipogusa, kisha kikaanza kufifia mara moja. Bastola ilikodolea macho sehemu moja ndogo ya kioo. Mche ulipopita hapo, kipokea mwanga kilistuka na kupeleka ishara kwenye mashine. Na mashine, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiuongoza mche, ilichungulia saa yake tu: kama mche sasa hivi uko mstari wa 120, na umeshasafiri muda kadhaa kuelekea kulia, basi bastola inatazama hapo. Mahali palijulikana kwa kusoma wakati! Kutofautisha nukta moja na jirani yake kulihitaji kupima kipande kidogo cha mikrosekunde, na haya yalifanyika ndani ya makabati ya mbao yaliyokuwa yakipigwa mateke na vijana usiku kucha. Nawavulia kofia wahandisi wale.

Zapper ya Nintendo, ile ya kuwinda bata katika Duck Hunt ya mwaka 1984, ilikuwa na ujanja mwepesi zaidi, nao ni mzuri vilevile. Ukivuta kifyatulio, skrini nzima inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha bata anageuka kuwa kisanduku cheupe. Bastola ikiona giza kisha mwanga, umempata. Ikiona mwanga hata wakati wa giza, gemu inajua umeelekeza kwenye balbu ya chumbani, na haikupi kitu. Kama kuna bata wawili, visanduku vinatokea kwa zamu, na gemu inajua ni bata yupi kwa kuangalia mwanga umeonekana kwenye zamu ya nani. Tena Zapper ilijengwa ili isikie tu mwanga unaopigapiga kwa kasi ya mistari ya chogo, isidanganywe na mwanga uliotulia.

Leta TV bapa, na kila nguzo ya jengo hilo inaanguka. Hakuna mche. Taa ya nyuma ya paneli haifuati mstari wowote wa kuchora. Picha inapokewa, inahifadhiwa, inapanuliwa ijae skrini, inapambwa rangi, ndipo inaonyeshwa, na kwenye TV nyingi safari hiyo inachukua makumi ya milisekunde. Fremu moja ya gemu ni milisekunde 16.7 hivi. Kisanduku cheupe cha bata kinatokea wakati gemu imeshaacha kusikiliza. Bastola yako haina kosa lolote, na wewe huna kosa, lakini bata anaondoka akiruka.

Hapa ndipo jicho jipya linaponisisimua. Halitazami picha kabisa! Kwenye fremu ya TV nimebandika vikundi vinne vya taa za infraredi ambazo macho hayazioni. Kamera ya bastola inaona nukta nne angavu kwenye giza na hakuna kingine. Ni kamera ndogo ya kampuni ya DFRobot yenye kipaji kimoja cha ajabu: kihisio chake ni cha pikseli 128 kwa 96 tu, lakini ndani yake kuna mzunguko unaokokotoa katikati ya kila nukta na kutoa namba kwa kipimo cha 1024 kwa 768, hadi nukta nne kwa pamoja. Haipeleki picha kwenye chipu. Inapeleka namba chache tu, kuratibu za nukta, ndiyo maana chipu ya dola chache inaweza kuifuata bila kutoka jasho.

Kisha linakuja tendo lenyewe, na naomba nilikalie kidogo, kwa sababu ndilo linalotenganisha bastola hii na nyingi zilizotangulia. Ukisimama katikati ya TV, nukta nne zinaunda mstatili. Ukisogea kulia, upande wa kulia unaonekana mrefu kuliko wa kushoto. Ukiinama, ukirudi nyuma, ukiipinda bastola kilalo kama kwenye sinema, umbo linabadilika tena. Kila badiliko linaeleza mahali ulipo. Kama nahodha wa jahazi anayejua alipo kwa kutazama taa za pwani, chipu inatazama umbo la pembe nne na kujua mtutu umesimama wapi, umepinda kiasi gani, na mstari unaotoka kwenye mtutu unakata skrini kwenye nukta ipi. Unaweza kutembea chumbani huku umelenga kona ya dirisha kwenye gemu, na shabaha isihame.

Linganisha na Wii ya Nintendo ya mwaka 2006, iliyotumia upau wenye vikundi viwili tu vya taa. Pointi mbili zinatosha kusogeza mkono wa kuelea kwenye skrini, na Wii iliburudisha dunia nzima kwa hizo mbili. Lakini pointi mbili hazisemi umesimama pembe gani. Ndiyo maana ulihitaji kishale ili ujue unalenga wapi, na mara kishale kinapokuwapo hulengi tena, unaendesha kishale. Namco wenyewe walijaribu taa za kuweka kwenye TV kwa GunCon 3 ya mwaka 2007. Kwangu mimi tofauti kati ya kuendesha kishale na kulenga kwa jicho ndiyo gemu nzima.

Na kwa kuwa jicho halitazami picha, ucheleweshaji wa TV haulikoseshi shabaha hata kidogo. Unachokiona kinaweza kuchelewa, lakini mahali unapolenga panajulikana sasa hivi, takriban mara 200 kwa sekunde. Ukiiweka TV kwenye hali ya gemu, ile inayozima mapambo ya picha, kilichobaki cha kuchelewa ni kidogo kiasi kwamba baada ya dakika chache mwili unakizoea. Pia skrini haimwekimweki kwa weupe kila unapopiga risasi, kama ilivyokuwa kwenye mashine nyingi za zamani. Macho yanapumzika. Katika hili TV bapa inalishinda chogo, na sikutegemea kamwe kuandika sentensi hiyo.

Kazi ya kuifungua na kuijenga upya ni ya fundi mwenye subira, si ya mtaalamu wa anga. Bisibisi, mashine ya kulehemu, mita ya umeme. Kifyatulio cha bastola za kumbi za gemu ni swichi ndogo ya kawaida yenye waya mbili, na chipu inaipenda bila maswali. Koili ndiyo inayotaka heshima. Yangu inataka volti 24, na chipu inazungumza kwa volti 3.3, kwa hiyo katikati lazima kuwe na transista ya kubeba mzigo, na dayodi ya kuumeza umeme unaorudi koili inapoachia. Bila dayodi hiyo umeme huo utaitafuta bodi yako. Umeme wa koili utoke kwenye adapta yake yenyewe, usiuombe kwa USB. Usiitupe ile waya nene iliyovalishwa chuma iliyoifunga bastola kwenye kabati lake; nimeiacha ya kwangu kwa sababu inaning'inia vizuri na inaupa mkono ule mvuto wa kumbi za gemu ambao waya nyembamba haiwezi kuutoa.

Ukishafunga skrubu, unafungua programu ya OpenFIRE kwenye kompyuta, unaiambia ni pini gani imeshika kifyatulio, ipi imeshika koili, ipi imeshika mota ya kutetemesha kama unayo. Kisha unasahihisha shabaha: unapiga katikati, unapiga kingo, unajaribu, umemaliza. Vipimo vinahifadhiwa ndani ya bastola yenyewe, na unaweza kuweka seti nyingine kwa ajili ya TV nyingine. Nilipoona nukta ya majaribio ikifuata mtutu hadi kwenye kona kabisa ya skrini, nikapiga kelele peke yangu.

Sasa twende kwenye gemu, aisee, twende! Time Crisis kupitia MAME, programu inayohuisha mashine za zamani ambayo ilianza mwaka 1997, ni kitu cha kumtoa mtu machozi. Wasioijua: kuna pedali ya mguu. Ukiikanyaga unatokeza na kupiga, ukiiachia unajificha na kujaza risasi. Risasi ni sita tu, na saa inakimbia. Pedali ya kawaida ya USB inatosha kabisa. Mguu, jicho na kidole vinaanza kucheza pamoja, na baada ya muda unahesabu risasi bila kujua kwamba unahesabu. Kitelezi kinaruka mara sita, kisha kinanyamaza, na ule ukimya wake ndio unaokuambia ujifiche, kabla hata hujaisoma skrini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mshtuko wa koili si pambo. Ni sehemu ya taarifa za mchezo, inayoingia kupitia kiganja.

Na mshtuko huo unaweza kuongozwa na gemu yenyewe. Mashine asilia ilikuwa ikipeleka amri kwenye koili kila risasi halali ilipotoka. MAME inaihuisha amri hiyo pia, na programu kama MAMEHooker inaipokea na kuipeleka kwenye bastola. Kwa hiyo bastola ikiishiwa risasi, haishtuki. Ukijificha, haishtuki. Waliokaa na kuunganisha uzi huu mpaka mwisho, kutoka amri ya mwaka 1995 hadi koili iliyo sebuleni kwangu, wamefanya kazi ya mapenzi.

Nimekwenda kwenye Point Blank ya mwaka 1994, ya Namco pia, kwa sababu hiyo haiionei huruma bastola mbovu. Kuna hatua ambayo jani moja linadondoka taratibu likiyumba huku na huku, nawe una risasi moja. Kama bastola inakwenda kando kwa upana wa kidole, umekosa. Nililipata jani! Nikageukia Virtua Cop ya Sega, ambako duara linajifunga kumzunguka adui na kubadilika rangi kadiri anavyokaribia kukupiga, na kasi ya kuhamisha mtutu kutoka kushoto kabisa hadi kulia ndiyo kila kitu. Hapa uzito wa gamba la kumbi unafanya kazi yake: bastola nyepesi ya plastiki inapita shabaha na kurudi, hii inafika na kutulia.

Mipaka ipo, na mingi inatokana na fizikia ya mwanga. Kamera hii inaona upana wa digrii kama 33 tu. Piga hesabu: TV ya inchi 55 ina upana wa takriban mita 1.2, kwa hiyo ili nukta zote nne ziingie kwenye jicho huku umelenga katikati unahitaji kusimama mita mbili hivi nyuma. Ukilenga kona, baadhi ya nukta zinatoka nje ya macho, na programu inakisia zilipo kwa kutumia zilizobaki. Inakisia vizuri, lakini mwenye chumba kidogo na TV kubwa atafute lenzi ya kupanua mwono. Jua ni adui mwingine, kwa sababu nalo limejaa infraredi. Jua la alasiri likiingia dirishani na kuangukia kioo cha TV au meza inayong'aa, kamera inapata nukta ya tano isiyo na maana. Pazia zito linamaliza jambo. Vioo vya kabati vilivyo karibu na TV navyo vifunikwe.

Ipo njia ya pili ya kulenga kwenye TV bapa, nayo nimeishika pia: Sinden Lightgun kutoka Uingereza, iliyochangiwa fedha Kickstarter mwaka 2019. Yenyewe haihitaji taa za kubandika. Kamera yake ni ya kawaida, na programu kwenye kompyuta inaweka ukingo mweupe kuzunguka picha ya gemu, kisha inautafuta ukingo huo. Wazo zuri sana, na kwa anayehamahama na bastola kutoka TV moja hadi nyingine ni raha tupu. Lakini kwa kufufua gamba la kumbi, moyo wangu uko kwenye taa nne. Picha inabaki nzima bila ukingo, kompyuta dhaifu inatosha, na nyuma ya kifyatulio hakuna kinachosubiriwa.

Tena njia hii ina nasaba ndefu. Mwaka 1936 kampuni ya Seeburg ya Marekani ilitoa Ray-O-Lite, mashine ya kuwinda bata ambayo bunduki yake kweli ilirusha mwanga, na jicho la umeme lilikuwa ndani ya bata. Nintendo wakaligeuza: bata atoe mwanga, bastola iwe na jicho. Mashine za kumbi za Sega za miaka ya baadaye zilianza kuweka taa za infraredi kuzunguka skrini hata kabla machogo hayajaondoka. Wanaojenga leo mezani kwao wameliendeleza wazo hilo, na wameliweka wazi ili yeyote mwenye mashine ya kulehemu alichukue.

Bastola ya pili tayari iko mezani, imefunguliwa, kwa ajili ya gemu ya The House of the Dead ya watu wawili. Jambo tamu ni kwamba haihitaji taa zake. Bastola zote zinatazama nukta nne zilezile bila kuingiliana, kwa kuwa hakuna inayotoa mwanga, kila moja inatazama tu. OpenFIRE inaipa kila bastola kitambulisho chake kwenye USB, na gemu inazipokea kama mchezaji wa kwanza na wa pili. Ukianza ujenzi wako, basi, nunua taa nzuri mara moja, zibandike vizuri mara moja, na uweke adapta ya umeme yenye nguvu ya kulisha koili mbili, kwa sababu jamaa wa kwanza atakayekuona ukicheza ataitaka ya kwake jioni hiyohiyo.